Maman alisema aksanti, garanti ikafa

Leo maman yangu ameua garanti ya gari langu kwa kusema aksanti.

Ngojeni niwaeleze.

Hii pikapu niliinunua mpya, na garanti ya miaka miwili. Juzi, nikipanda toka Bugarama na mchele, moteri ikapasuka. Maji na mafuta vikachanganyika, vikawa kama uji.

Leo fundi wa kampuni akafika kwangu Kamembe. Akafungua moteri, akatikisa kichwa.

"Papa, hili si kosa lako. Ni chuma kibaya cha kiwanda. Watakupa moteri mpya."

Karibu nimkumbatie!

Akatoa karatasi. Swali la mwisho: "Gari ilishaingia mahali pa vita?"

Nilikuwa tayari kusema hapana. (Ndiyo, ningedanganya. Msinihukumu.)

Ndipo maman akatokea na chai ya mgeni.

"Iliingia, mutoto wangu! Siku masasi ya bunduki ilikuwa inalia Bukavu, huyu alivuka mupaka kuja kunitoa na hii gari. Aksanti sana, nyinyi benye kuitengeneza. Mungu abariki mikono yenu."

Fundi aliinama juu ya karatasi. Kisha akaandika.

"Kosa ni la kiwanda, Papa. Lakini ukiingia vitani, garanti inakufa."

Chai hakuigusa.

Sasa maman amekaa jikoni, hataki kula. Ameniuliza mara moja tu:

"Ungeniacha kule, leo ungepewa moteri?"

Jibu ni ndiyo.

Nisaidieni, nimwambie nini kingine?