Pondu ya Mama Mukwe Yapimwa Sumu

Heri niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi ndiye yule mutu wa Makiso aliyepeleka pondu, mboga ya majani ya muhogo, ya mama mukwe wake laboratware ya hospitali ipimwe sumu.

Bon, munielewe. Miezi mitatu tumbo lilikuwa linanikata, naenda choo mara nane kwa siku, damu inatoka, suruali zinanianguka, dawa za amiba nimekunywa mpaka nimechoka, na yote yalianza wiki ileile mama mukwe alipofika toka Yanonge (na ndiye aliyekuwa anapika, tena kila jioni ananikazia macho, “Bokilo, mukwe wangu, umeshiba kweli?”). Kwa nini aulize kila siku? Na kwa nini samaki yangu ni kubwa kuliko ya wengine? Donc daktari aliponiomba choo cha kupima, nikachota na pondu kidogo, nikaifunga katika kichupa cha pili, nikaandika juu yake, ili wasikosee: “Sumu ya mama mukwe?”

Siku ya majibu mke wangu akapata kazi ya ghafla, na aliyenisindikiza akawa mama yake.

Daktari akaweka kichupa mezani, mlango uko wazi. “Papa, laboratware wanauliza, hii ya kijani ni choo ya nani?”

Mama mukwe akakishika, akasoma polepole, kwa sauti. Kule koridoni watu wakaacha hata kukohoa.

“Ni pondu yangu hii,” akasema.

Daktari akafunga mlango (amechelewa!). “Sumu hapana, amiba hapana. Ile kamera tulipitisha ndani ya tumbo yako ilionyesha utumbo imevimba, iko na vidonda. Askari ya mwili yako, yenye kupigana na mikrobi, imekosea, iko napiga utumbo yako.”

“Nani ameituma?” nikauliza. Aibu ilikuwa bado haijanitosha.

“Hakuna mutu. Wengine wanazaliwa na mwili mwepesi wa kukosea hivyo, kisha vijidudu vya tumboni na maisha vinaichokoza; sababu yote bado hatujui. Kwenu kuna mwingine aliugua hivi?”

Nikakumbuka tonton yangu wa Isangi, ndugu ya baba yangu, alikonda, akatoka damu, akafa, nasi tukamfukuza mke wake tukimuita mchawi.

Mama mukwe alinisamehe baada ya wiki mbili, na dawa zinanisaidia. Kumushuku mutu kwa ajili ya tumbo langu, sirudii tena. Lakini mke wa tonton yuko Banalia, mzima, na mimi bado natafuta uso wa kwenda nao kumuomba musamaha.