Isale la Bibi

Jana mjukuu wangu alinipeleka Elerai kuona kiwanja anachotaka kununua. Magoti haya yamechoka, na mimi mwenyewe nimechoka kuambiwa kwamba mji umekua. Umekua, ndiyo. Mabati, maduka, redio kila mlango. Lakini wewe, rafiki yangu, hukuiona Elerai ilipokuwa migomba na mazizi, enzi za Mjerumani, Arusha yenyewe ikiwa boma na vijiduka vichache.

Asubuhi zilinukia moshi na samadi. Nikishawakatia mbuzi majani, bibi alinipa loshoro ya mahindi, maziwa yake yamechachuka mpaka unafumba jicho moja. Wanaume walibebeshwa mawe bomani kwa lazima. Jioni walirudi mabega yamechubuka.

Kisha Wajerumani wakaja kupima barabara. Vigingi vilielekea kwenye migomba yetu, moja kwa moja hadi kaburi la babu.

Bibi alikuwa Mmeru, ameolewa huku kwa Waarusha. Kwao, anayekuletea isale anaomba amani, na ukilipokea jani hilo huwezi kumkatalia, hata awe amekuulia ndugu. Akakata tawi la isale mpakani mwa shamba letu, akampelekea Mzungu mpimaji kwa mikono miwili.

"Bwana, usipite juu ya mume wangu."

Mzungu akalipokea. Akatabasamu, hata! Bibi akanishika mkono. "Twende nyumbani. Amekubali." Siku ile tulikula ndizi kwa nyama kama watu wa harusini, na sijawahi kufurahi hivyo tena.

Kesho yake tulilikuta tawi lile limechomekwa kaburini, liwe kigingi.

"Si alilipokea?" bibi alimwuliza askari, mtu wa pwani.

Askari aliangalia chini. "Mama, kwao hilo ni jani tu."

Migomba ilikatwa kabla jua halijawa kali, na barabara ikapita juu ya kaburi. Bibi hakulia. Ila miaka ikapita, baba yangu akakosana naye, akamletea isale mlangoni, mtu mzima amepiga magoti. Bibi akalitazama weee, kisha akasema, "Hilo ni jani tu," akaingia ndani. Hawakupatana mpaka bibi anazikwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko migomba.

"Babu, sogea, gari hilo!" mjukuu alinipigia kelele jana. "Mbona unasimama katikati ya barabara?"

Nikamwambia ni magoti. Nikasogea, gari likapita.