Mwanasesere wa Kijana Ambaye Hatujui Kama Amekufa

Kosa wanalofanya wengi wetu tunaoishi kambini ni kudhani kwamba vita ni vyetu peke yetu, na kwamba mtu wa ng'ambo anayenunua kazi za mikono yetu atakuwa salama siku zote, amekaa tu anatusubiri. Naomba msimamizi wa ukurasa huu anifichie jina. Nina miaka sitini na saba. Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa Bukavu, Kongo, na sasa naishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, na mke wangu, ambaye hapa nitamwita Mama Bahati. Someni polepole, nitaeleza kila kitu.

Mke wangu hushona wanasesere kwa vipande vya vitenge anavyopewa na mafundi cherehani wa kambini. Si wa kuchezea. Kila mmoja ni mtu tuliyemjua Bukavu: muuza mikate, mkunga wa mtaa wetu, kiongozi wa kwaya na kitambi chake. Ana sharti moja: humshona mtu aliyekufa tu, tena baada ya matanga yake kumalizika. Aliye hai hamgusi. Ndiyo maana hajawahi kumshona mtoto wetu, Bahati. Huyo aliondoka hapa mwaka 2006 na wenzake kwenda Afrika Kusini kupitia Msumbiji. Mmoja wao alirudi akasema walimwacha kando ya barabara, mgonjwa, lakini anapumua. Tangu hapo hatujapata simu.

Miaka michache baadaye, Mwarabu mmoja aliyefanya kazi City Centre, Lilongwe, alimnunua muuza mikate akampelekea binamu yake mjini Aleppo, Syria. Binamu huyo, mwanamke, alikuwa mwalimu wa Kifaransa kama mimi. Tulimwita Madame. Alikuwa mkusanyaji, na hapa nieleze: mtoto hununuliwa mwanasesere ili amchezee, lakini mkusanyaji humweka kwenye kabati la vioo, humfuta vumbi, wala hataki wawili wanaofanana. Aliagiza mmoja baada ya mwingine, na kila mara alitaka kujua jina na maisha ya mtu huyo. Nilimwandikia yote, isipokuwa kwamba ni marehemu. Mke wangu alikataza. "Nani atalipia bantu benye balikufa?" alisema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, yaani watu waliokufa.

Mwaka 2012 vita vikafika Aleppo. Mkunga wetu alikuwa njiani wakati huo. Baada ya miezi mingi alirudishwa Lilongwe, boksi limebondeka, na mtu fulani huko njiani alikuwa amempasua tumbo kwa kisu akitafuta sijui nini. Pamba ilikuwa nje. Mama Bahati alimpakata akapiga kelele hadi majirani wakaja. "Balimuua Bukavu, na sasa banamuua tena ndani ya katoni!"

Kisha Madame akatuma ujumbe kwa simu. Alikuwa amekimbilia Beirut, analala stoo kwa jamaa zake. Nyumba yake iliangushwa na bomu, pamoja na kabati na watu wetu wote waliokuwamo. Nikakosea nikawasomea majirani. Fundi mmoja akaacha cherehani yake kabisa. "Mwalimu, cliente yako amekuwa refugee sawa sisi! Mwambie akuye Dzaleka, nitamufundisha foleni ya mahindi!" Watu wakacheka. Mke wangu alicheka kuliko wote.

Wiki iliyopita Madame alituma picha ya kijana. Aliandika: "Huyu ni mwanangu Elias. Walimchukua kwenye kizuizi cha barabarani, huu mwaka wa pili. Mwambie Mama anishonee yeye, nipate kumshika mpaka arudi."

Nilijua mke wangu atakataa. Hakukataa. Aliichukua simu, akaitazama picha, na kesho yake mwanasesere alikuwa tayari juu ya meza.

"Umevunja sharti lako," nikamwambia.

"Sijavunja kitu. Miaka mbili hakuna simu? Huyo amekufa, Papa Bahati. Mama yake njo hajue bado."

"Na wetu?"

Akanikazia macho. "Wetu iko South. Kule banaibaga simu."

"Miaka yote hii?"

"Nyamaza! We ni mwalimu, hauko nabii."

Ndipo nikamwangalia mwanasesere vizuri. Amevaa shati la mistari ya bluu. Ni kitambaa cha shati la Bahati, lile moja lililobaki, ambalo mke wangu amekuwa akililalia likiwa chini ya mto tangu mtoto aondoke. Amelikata. Nilipomwonyesha kwa kidole, alisema, "Kitambaa ni kitambaa," akaenda kukoroga nsima, ugali wa huku. Tangu siku hiyo hataki nimuulize, na kila jioni ananiuliza yeye: "Haujapeleka tu?"

Yule Mwarabu wa Lilongwe, binamu yake Madame, anasafiri kesho kwenda Beirut, na amekubali kumbeba. Nikimpa, Madame atamkumbatia marehemu akidhani ni tumaini, na kitu cha mwisho cha mtoto wangu kitakuwa kimeondoka. Nikimwandikia maana ya wanasesere wetu, nitakuwa nimemzika Elias kwa kalamu, naye huenda yu hai. Nikimzuia, mke wangu atataka sababu, nami sina sababu nyingine ila kumwambia usoni kwamba kwa ule mkasi amemzika Bahati, kisha ananidanganya mimi na kujidanganya mwenyewe. Nina miaka mingi ya kufundisha watu, lakini kwa hili sina la kufundisha. Nishaurini kabla ya kesho: nimpe au nimzuie?

Na wewe uliyeko Afrika Kusini, au popote pale, ambaye mama yako hajasikia sauti yako muda mrefu: mpigie simu leo.