Nywele Kwenye Kichujio cha Doña Eloísa

Wenye pesa wa Jiji la Mexico hujichimbia mabwawa ya kuogelea huku Cuernavaca, halafu wanakosa nafasi ya kuyaogelea. Na bwawa halina habari kama mwenyewe hayupo. Linataka klorini, linataka kuokotwa majani, na zaidi ya yote linataka kichujio kisafi, la sivyo ndani ya wiki moja limegeuka mlenda. Fidencio Barrera alikuwa ameishi kwa kazi hiyo miaka ishirini na sita.

Katika nyumba zote alizohudumia, aliipenda zaidi ile ya Doña Eloísa, kwa sababu bibi yule aliogelea kweli, kila asubuhi, mpaka alipofariki mwezi wa Machi. Baada ya mazishi binti yake Irasema alifunga nyumba akarudi Jiji la Mexico, akamwomba Fidencio alitunze bwawa vilevile kama zamani. Fidencio akalitunza. Ila kila Jumanne alikuja na mkewe.

Tuseme ukweli: hakuomba ruhusa, na alijua ni kosa. Lakini Obdulia alikuwa ameteleza sokoni akavunjika nyonga, daktari akamwamuru atembee, na kwenye nchi kavu hakufikisha hatua tatu bila kulia. Siku Fidencio alipomshusha majini mara ya kwanza, Obdulia alitembea kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Akafungua nywele zake ndefu, nyeupe pe, akacheka.

"Unanikodolea macho ya nini, mzee? Hujawahi kuona kiboko?"

"Kiboko namjua. Hana miguu mizuri hivyo."

"Muongo mkubwa wewe! Hebu nipe taulo."

Tatizo lilikuwa dawa ya kuchua aliyojipaka Obdulia kwenye nyonga. Mafuta yake yaliganda kwenye kichujio, na kichujio kilichotakiwa kumaliza mwaka kikachoka kufikia Septemba. Geji ya presha ikapanda, maji yakaingia ukungu. Mwingine angenyamaza, lakini Fidencio hakuweza kuvumilia maji ya ukungu. Akampigia Irasema simu kwamba kichujio kinahitaji kubadilishwa, akidhani atamtumia tu kipya. Alhamisi Irasema akaja nacho mwenyewe.

"Don Fidencio, leo nataka nikuone ukifanya kazi. Mama alikuwa anasema una mikono ya mkunga."

Fidencio alizima pampu, akaachia hewa, akalegeza ukanda wa chuma na kuinua kifuniko. Kichujio kikatoka kizito, kikidondosha maji ya kijivu.

"Mbona kimeoza hivi? Si nyumba haina mtu?"

Kabla Fidencio hajajibu, Irasema aliinama akachomoa kitu katika mikunjo ya kitambaa. Ulikuwa unywele mrefu, mweupe. Akachomoa mwingine. Mara mwanamke yule wa miaka hamsini akakaa chini kwenye saruji iliyolowa, na sketi yake ya ofisini, akawa anazitoa moja moja na kuzizungusha kidoleni.

"Za mama," alisema. "Jamani, za mama bado zimo!" Akazibusu.

Kama Fidencio angeandikiwa njia ya kuokoka, isingekuwa rahisi kuliko hii. Alitakiwa kunyamaza tu. Kichujio kilikuwa kimewekwa Januari, Doña Eloísa akiwa hai na nywele zake ndefu nyeupe kama hizi, nani angebisha? Kazi ingebaki, na Jumanne Obdulia angetembea. Lakini kila baada ya wiki mbili alikuwa akikitoa kichujio hicho na kukiosha kwa mpira wa maji, mkunjo kwa mkunjo. Nywele za marehemu zilishakwenda na maji tangu Aprili, na aliyezipeleka ni yeye. Akamtazama binti wa watu anavyobusu nywele za mwanamke asiyemjua, moyo ukamkatalia kabisa.

Akavua kofia. "Binti, usizibusu. Si za mama yako hizo. Ni za mke wangu."

Akaeleza yote harakaharaka, nyonga, Jumanne, dawa ya kuchua, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

"Ungeniacha tu niamini ni za mama!" Irasema alifoka. "Ungepungukiwa na nini?"

"Nisingeweza, binti. Nisamehe."

Irasema akalia kwa sauti. Fidencio hakujua aondoke au abaki, basi akafanya alichokijua. Akapangusa mpira wa kifuniko, akaupaka grisi, akaingiza kichujio kipya na kukaza ukanda. Akawasha pampu. Geji ikapanda kidogo tu ikatulia. Kisha akatoa funguo za nyumba mfukoni akaziweka juu ya boksi tupu la kichujio.

"Anatembea sasa?" Irasema aliuliza, akijifuta pua kwa mkono.

"Majini anatembea vizuri. Nchi kavu amefikisha hatua kumi."

Irasema akamsukumia lile boksi. "Chukua funguo zako, Don Fidencio. Jumanne mlete. Nitakuwepo, nataka kumwona."

Fidencio alizichukua, na kwa kukosa namna ya kushukuru akasema la kifundi. "Nitamwambia afunge nywele, zisije zikaziba hiki kipya."

"Usithubutu." Zile nywele zilikuwa bado zimezunguka kidole chake. "Mwache azifungue. Zikiziba, nitanunua kingine."