Niletee Maandishi
Hospitali nzima ilimwita Mzee Kisigino. Jina lake la kwenye kitambulisho alilijua karani wa mishahara tu. Kwa miaka ishirini na sita alishona viatu vya watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, katika karakana yenye dirisha moja nyuma ya chumba cha plasta. Ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa fimbo fupi ya chuma, mtoto huvivaa akilala ili nyayo zilizonyooshwa zisirudi zilikotoka. Mwenyewe alikuwa mfupi, ananuka gundi, na ubishi ndio usiseme. Ukimwambia leo Jumatano, atakuuliza nani kasema.

Basi Jumatano moja (na kweli ilikuwa Jumatano, hata akatae) alitoka ofisini kwa daktari wa mifupa akihema kama aliyekimbizwa. Binti wa dada yake alikuwa na mtoto wa miaka mitatu, nyumbani wanamwita Bosi. Nyayo za Bosi zilinyooshwa kwa plasta tangu akiwa mchanga, na sasa ule wa kushoto ulikuwa unaanza kupinda tena. Daktari alitaka kuupasua. Kikao cha kuamua kilikuwa kesho yake saa nane mchana, na kikikubali, Jumatatu Bosi anaingia chumba cha upasuaji.

"Daktari, mguu huu ukifungwa plasta upya utanyooka," Mzee Kisigino alikuwa amemwambia. "Nimeona kwa macho yangu."

Daktari hakuwa mtu mbaya. "Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini 'nimeona' siwezi kuiweka kwenye faili. Si umejiandikisha chuo? Maktaba yenu ina majarida ya utafiti. Niletee maandishi kabla ya kikao."

Nje, kwenye benchi, alimkuta binti wa dada yake amempakata Bosi. Badala ya kumpa pole, akamwakia. "Unaona sasa? Viatu unamvua mtoto, mguu umerudi!"

"Mjomba, vinamuumiza. Analia mpaka sauti inakauka."

"Mtoto gani halii? Kina mama wa siku hizi mmekuwa laini kama pamba!" Binti akainamisha kichwa. Na huyo mzee, mguu mosi mguu pili, akashika njia ya chuo.

Alikuwa amejiandikisha kozi ya jioni miezi minne nyuma, lakini maktaba hajawahi kuikanyaga. Akakaa mbele ya kompyuta, akaona kisanduku cha kutafutia. Kwa kuwa alilelewa akaleleka, akaandika kwa kidole kimoja: "Shikamoo. Naomba kujua kama mguu wa mtoto ukirudi kupinda unaweza kufungwa plasta tena. Ahsante." Jibu likaja: sifuri.

"Hata salamu hawaitikii!" akasema kwa sauti, wanafunzi wakageuka.

Aliyekuja kumwokoa ni mama mmoja mnene mwenye miwani kichwani, msimamizi wa majarida ya kielektroniki. Walimwita Mama Nywila, maana kutwa kucha kazi yake ilikuwa kuwafungulia watu waliosahau nywila zao. Akasoma kilichoandikwa, akajikaza asicheke, ikashindikana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Angalau wewe una adabu."

"Hii mashine usiisalimu, baba. Ipe maneno mawili matatu tu, tena yale yale ya kidaktari. Ugonjwa wenyewe wanauitaje kwenye mafaili?"

Hilo alilijua! Miaka ishirini na sita jina lile limepita machoni pake, angeweza kuliandika amefumba macho. Akaliandika, akaongeza neno "plasta", akaongeza neno "kurudi". Makala mia mbili na kumi na nne!

"Mia mbili!" Mzee Kisigino akasimama.

"Keti kwanza. Nani atasoma mia mbili mpaka kesho?" Mama Nywila akamwonyesha pembeni mwa ukurasa mahali pa kuchuja: miaka ya karibuni, watoto wadogo, zile zilizopitiwa na wataalamu. Zikabaki kumi na tisa. Akabonyeza ya kwanza. Kikatokea kipande cha muhtasari, mistari minane, na chini yake picha ya kufuli.

"Aa! Wananionjesha halafu wanafunga?"

"Hawajui wewe ni nani. Wanakuona mpita njia. Chuo kimeshalipia jarida hili kwa ajili yako, lakini lazima uingie kwa namba yako ya uanafunzi." Namba alikuwa nayo. Nywila, wapi! Mama Nywila akampa mpya, akamgeuzia kisogo aiandike kwa siri. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, na kufuli likatoweka. Kurasa kumi na moja, na majedwali yake, na picha za nyayo.

Lugha ilikuwa ngumu, lakini kazi aliijua. Alipita mstari kwa mstari na kidole chenye gundi, neno asilolielewa anamuuliza Mama Nywila, asilolijua Mama Nywila wanalitafuta pamoja kwenye kamusi. Watoto waliorudiwa na tatizo, wakafungwa plasta upya, sehemu kubwa walinyooka bila upasuaji mkubwa. Imeandikwa! Nyeusi kwa nyeupe!

Akapiga meza. "Nimeipata!"

"Mzee, hapa ni maktaba," Mama Nywila akanong'ona, naye mwenyewe akiwa amemshika mkono kwa furaha. "Na usikimbie. Angalia mwisho, kwenye marejeo. Hapo ndipo mwandishi anakutajia makala nyingine alizosoma."

Katika marejeo, namba ishirini na mbili, palikuwa na makala kuhusu sababu za watoto kutovaa viatu vile. Macho yakamng'aa. "Hiyo naitaka! Hiyo ndiyo ya kuwafunga midomo hawa kina mama!"

Hiyo, chuo hakikuwa na jarida lake. Mama Nywila akajaza fomu ya kuiomba maktaba ya chuo kingine. "Watatuma kwa barua pepe. Lini, siwezi kukuapia."

Alhamisi asubuhi Mzee Kisigino hakushona hata kiraka. Kila dakika tano anafungua simu, anafunga, anafungua. Saa nne na robo makala ikaingia. Alikimbia maktaba na aproni yake kiunoni, Mama Nywila akamchapia, akaisoma amesimama kando ya mashine ya kuchapia, karatasi zingali na joto.

Watafiti hawakuishia kuwauliza kina mama. Walizikagua nyayo zenyewe, wakakuta vidonda nyuma ya kisigino. Ukurasa wa sita ulikuwa na mchoro wa kiatu kinachojeruhi, chenye mshono mgumu uliopita ndani, pale pale kisigino kinapokaa. Mshono ule aliufahamu. Ulikuwa wake.

Nyani haoni kundule! Ni kina mama wangapi aliowafokea kwenye benchi lile? Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Kisha akafungua ukurasa wa saba na kukuta kiatu kilichorekebishwa: mshono umetolewa nje, ndani ngozi laini, nyuma katundu kadogo ka kuchungulia kama kisigino kimekaa. Na watoto wale waliendelea kuvaa!

"Hii naiweza!" alipiga kelele, na safari hii Mama Nywila hakumkanya. "Mama, hii ni kazi ya kisu na sindano tu! Leo hii naiweza!" Akatoka mbio.

Saa nane alikuwa kwenye kikao, makala mbili mkononi, mfukoni kiatu kipya kidogo cha mguu wa kushoto, na vidole viwili vimetobolewa na sindano. Binti wa dada yake alikaa ukutani na Bosi mapajani. Daktari alisoma, akarudia ukurasa mmoja, akawapa wenzake. Mwishowe akasema, "Sawa. Plasta upya, wiki tano, kisha tupime. Upasuaji tunausimamisha."

Binti akafunika uso kwa mikono. Kila mtu alidhani limekwisha, lakini Mzee Kisigino alibaki amesimama.

"Daktari, kwenye faili la mtoto huyu imeandikwa kwamba mama hafuati maelekezo. Maneno hayo niliyatoa mimi, mkayaandika. Naomba yafutwe. Viatu vilikuwa vinamjeruhi mtoto, na viatu nimeshona mimi. Ukurasa wa sita." Akamgeukia binti wa dada yake. "Uliniambia, mwanangu. Nikakufokea. Nisamehe."

Binti alimtazama, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Mwaka mzima, Mjomba," akasema. "Mwaka mzima nimelala nikijua mimi ndiye niliyempinda mwanangu mguu."