Nilivyofunga kamba ya mbwa kiunoni ndani ya kiboti cha mpira, Ziwa Rukwa

Wakuu, kwa umri wangu shikamoo napokea tu, kwa hiyo marahaba wote.

Anayechapa ni mjukuu wangu hapa Vwawa, mimi nasimulia. Najua kuna watakaosema hii ni chai. Semeni tu, ila maji ya siku ile niliyanywa mimi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini. Mimi ni mtoto wa Ihanda, Mbozi, kijana wa kahawa na mahindi, ziwa nilikuwa nalisikia kwa watu. Nikapata kazi kwa mzungu mmoja mpimaji, alikuwa anapima kina cha Ziwa Rukwa upande wa Kamsamba. Kazi yangu kupika na kumtunza mbwa wake.

Mbwa aliitwa Meja. Akisimama kwa miguu ya nyuma alikuwa ananipita urefu.

Sasa tatizo. Tulikuwa tunalala kwenye motaboti, nanga imetiwa mbali, maana ukingoni kule ni tope tupu na boti lingekwama.

Na Meja alikuwa hakubali kujisaidia botini. Umfokee, umbembeleze, atabana mpaka anatetemeka. Aliyemfundisha adabu ile simjui, ila alinitesa mimi.

Kwa hiyo asubuhi na jioni lazima apelekwe nchi kavu kwa kiboti cha mpira, kile cha kujaza upepo, masalia ya vita. Ukikanyaga kinabonyea, unayasikia maji chini ya nyayo. Miguu ya Meja tulikuwa tunaiviringishia magunia ili kucha zisitoboe.

Mliofika Rukwa mnajua habari za mamba wake. Na hakuna nyama wanayoitamani kama mbwa, watu wa Kamsamba walishaniambia hilo siku ya kwanza. Sikuwahi kupanda kile kiboti bila kuyachungulia maji kwanza.

Mpiga kasia wetu alikuwa Sichone, Mnamwanga, mvuvi, mtu mzima kwangu. Anapiga magoti mbele, panga lake kando, anatugeuzia mgongo. Mbwa alikuwa anashikwa na mzungu mwenyewe.

Jioni hiyo mzungu alikuwa na homa. Nikaambiwa nimshike mimi.

Wakuu, kwetu Mbozi mwindaji anafunga kamba ya mbwa kiunoni, mikono ibaki huru kwa mkuki na vichaka. Baba alifanya hivyo, na mimi hivyo hivyo. Nikafunga fundo la kuwindia, lile lisilofunguka kirahisi, wala sikufikiria. Sichone hakuona, alikuwa amenipa mgongo.

Tulipokaribia ukingo Meja akaanza kunguruma.

Nikatazama. Kulikuwa na mamba wawili wamelala kwenye tope. Mmoja akaingia majini taratibu, kama mtu aliyechelewa kanisani.

Meja akaruka. Na mimi nyuma yake.

Kuogelea sijui. Nilizama, nikaibuka, nikazama tena. Kamba inanikata kiuno, maji yanaingia puani. Kila nikienda chini nasubiri meno kwenye miguu. Sijawahi kuogopa vile, kabla wala baada.

Nilipoibuka nikamwona Sichone amegeuka, ameshika panga. Nikapiga kelele, kata kamba.

Aliitazama kamba, akanitazama mimi. Akaweka panga chini.

Akaanza kuyapiga maji kwa kasia, anafoka kwa Kinamwanga. Nikajua yamekwisha. Nikajiambia, huyu amechagua mbwa wa mzungu, mimi basi. Nikamkumbuka mama.

Kisha goti likagusa tope.

Meja alikuwa ananiburuza. Alinivuta mpaka kwenye majani, akainua mguu, akajisaidia kwa raha zake, mimi bado nimefungwa naye natapika maji.

Sichone alipofika nilikuwa nalia kwa hasira.

"Mbona hukukata? Umemwogopea mbwa wa mzungu kuliko mimi?"

Alikuwa bado anahema.

"Mwanangu, ningekata ungebaki na nani? Mimi nilikuwa nafukuza mamba. Wewe unazama. Aliyekuwa anakwenda nchi kavu ni mbwa peke yake."

Akakivuta kiboti karibu na majani.

"Haya, fungua hicho kitu. Kamba ya mbwa majini unashika kwa mkono, mkono unaweza kuachia. Tunarudi."

Tunarudi. Maji yale yale, kiboti kile kile, na mamba sasa hatuwaoni hata mmoja, jambo ambalo ni baya zaidi. Fundo likanishinda, Sichone akalifungua kwa meno.

Tulipofika, mzungu akauliza kutoka ndani ya blanketi, "Mbwa amejisaidia?"

Nikasema ndiyo bwana. Akageukia upande wa pili.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikatoka, nikamkuta Meja amesimama ukingoni mwa boti ananitazama, anatetemeka. Nikaenda kuchukua magunia.

Somo langu wakuu: mazoea ya kwenu usiyapandishe kwenye chombo cha watu kabla hujauliza. Na mtu akikataa kufanya unachomlilia, usimhukumu ukiwa bado majini. Ngoja ukanyage tope kwanza.

Sichone alishatangulia, na sidhani kama nilimwambia asante ipasavyo.

Wa Kamsamba mpo humu? Na wawindaji wa Mbozi, kamba bado mnaifunga kiunoni? Semeni, mjukuu atanisomea yote, hata matusi.