Ua la Mapasa Nililolipasua

Cheka tu. Hata mume wangu alicheka mwanzoni, leo hacheki tena. Sikuota, wala sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, msituni nyuma ya kijiji cha Lusangi, saa sita ya mchana, jua liko wazi kabisa.

Mimi ni Mama Mapasa. Nilizaa pacha, Hasani na Huseni, na mwaka ule walikuwa na miaka miwili. Hasani akashikwa na homa. Tulimpeleka hospitali, akapewa dawa, homa ikashuka, kisha ikarudi. Siku ya tatu hakuweza hata kulia. Mama mkwe akaniita pembeni: “Nenda utafute maua ya mapasa. Wataogea wote wawili, mugonjwa na muzima. Na usiyatenganishe, unasikia?”

Unayajua maua hayo? Ni kijimea kidogo tu, kinatambaa chini ya miti mikubwa, majani yake hayakauki hata kiangazi kikikaza. Kila kijiti kinabeba maua mawili meupe, yameinamisha vichwa. Nilitafuta tangu asubuhi mpaka magoti yakachubuka. Nikapata kijiti kimoja. Kimoja, jamani!

Nilipoinuka, mwanamke alikuwa amesimama karibu yangu. Sikusikia hata jani likivunjika. Alibeba mtoto mgongoni, amemfunika kwa kitenge, miguu miwili tu imetokeza ubavuni.

“Jambo, Mama Mapasa,” akasema. Nani alimwambia jina langu?

“Jambo, mama.”

“Hata mimi niko na mapasa. Mumoja anaisha. Wako mugonjwa ni mumoja, wangu pia ni mumoja. Nigawie ua moja, mama, nakuomba.”

Maneno ya mama mkwe niliyakumbuka, sikudanganyi. Lakini wewe ungefanyaje? Mama analia mbele yako, machozi yanamshuka mpaka kifuani! Huruma ikanishika. Nikapasua kijiti, nikampa ua moja. Hakusema hata aksanti. Akageuka, akaenda zake.

Hapo ndipo nikaona. Chini ya kitenge ilining'inia miguu minne. Na mguu mmoja ulikuwa na uzi mweusi wenye ushanga wa buluu, uzi niliomfunga Huseni kwa mikono yangu hii.

Nilipiga yowe. Nilikimbia, kijito sijui nilikivuka vipi. Nyumbani nikamkuta Huseni amekaa mkekani, mzima, anakula ndizi. Mguuni uzi hakuna.

Hasani tulimwogesha dawa ya lile ua moja lililobaki, na kesho yake akaomba bugali. Majirani wakafurahi, wakasema Mungu mkubwa. Mimi nilikuwa namwangalia Huseni.

Leo wana miaka saba. Huseni anakula, anakua, anacheza na wenzake. Lakini hajaniita mama tangu siku ile. Na kila mchana, jua likifika katikati, anaenda mlangoni, anainua mikono kuelekea msituni kama mtoto anayetaka kubebwa. Halafu anafumba macho, anatulia kimya. Nikimgusa kifua, kina joto na jasho, kama mtoto aliyeshushwa mgongoni sasa hivi. Naogopa, niseme ukweli. Naogopa mtoto wangu mwenyewe.

Basi sikia. Ukiyakuta maua yale na mtu akakuomba umgawie, usigawe, hata alie damu. Mpe yote mawili, au urudi nayo yote mawili. Mimi nilimwonea huruma mama wa watu, na mwanangu akapata mama mwingine.